Taa ya sebuleni na waya wa ardhini

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni.)

  Leo sitagusa siasa, wala bei ya mbolea, wala barabara. Nataka tuzungumze habari ya umeme. Sina maana ya umeme wa mabwawa na nguzo kubwa, ule ambao viongozi huuzindua kwa kukata utepe. Nina maana ya umeme mdogo wa ndani ya nyumba yako: waya, swichi, soketi na taa. Na nitaanza kwa kujishitaki mwenyewe, maana kosa nitakalolisimulia hapa ni langu, si la mtu mwingine.

Mimi ni mzaliwa wa Kasulu, mkoani Kigoma. Utotoni taa yetu ilikuwa kibatari cha mkebe, na asubuhi ukijifuta pua unakuta masizi meusi. Redio ya marehemu baba ilitumia betri, na zilipochoka tulizianika juani ili zipate nguvu kidogo ya kusikiliza taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Naamini ndipo nilipoipenda kazi hii. Umeme tuliujua kwa kuusikia, kama watu wa bara wanavyoijua bahari.

Baadaye TANESCO ikaleta mitambo ya dizeli, mmoja Kasulu na mwingine Kibondo. Ilisaidia, lakini dizeli ni ghali na njia ya kuifikisha kwetu ni ndefu. Mwaka 2022 ndipo gridi ya Taifa ilipofika, ikitokea Nyakanazi na kupita Kakonko. Mwezi Oktoba wa mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alifanya ziara mkoani Kigoma, na ngurumo za mitambo ile zikanyamaza. Wenyeji wa Buha wanaojua giza lilivyokuwa watanielewa nikisema kwamba ulikuwa mwaka mkubwa.

Tangu hapo, kila anayejenga nyumba Kasulu au Kibondo anajenga akiwa na umeme akilini. Matofali yanachomwa, bati zinapanda, na fundi umeme amekuwa mtu wa kutafutwa kama mganga. Nami nikawa mmoja wa wajenzi hao. Kazi imeniweka mbali na nyumbani miaka mingi, lakini mama yangu yuko Kasulu, na nilikuwa nimeahidi kumjengea nyumba kabla hajachoka kabisa. Nilijenga Mwilamvya, kwa mwendo wa kinyonga, miaka minne, mshahara baada ya mshahara.

Sasa sikiliza nilivyofanya. Msingi niliupigia hesabu. Matofali niliyapigia hesabu. Bati, mbao, misumari, milango, madirisha, vyote nilikuwa navyo katika daftari. Umeme nikauacha mwisho, kama wanavyofanya wengi wetu. Nilisema moyoni: umeme ni waya na balbu tu, utagharimu kiasi gani? Wakati wa kuezeka ukapita, wakati wa kupiga plasta ukapita, nami sijamwita fundi umeme hata siku moja kuja kuutazama ukuta.

Nilipofika kwenye umeme, mfukoni zilikuwa zimebaki fedha kidogo. Nikaenda Kariakoo, Dar es Salaam, nia yangu ikiwa kununua nyaya. Dukani nikainua macho, nikaiona taa ya kuning'inia, ina matawi manane na vioo vinavyometameta kama matone ya mvua. Nikaifikiria sebule ya mama, majirani wakiingia na kusema, kweli mtoto wa fulani amejenga. Ndugu zangu, niliinunua. Bei yake ilikuwa Sh. 240,000. Niliipakia katika basi la Kigoma ikiwa imefungwa ndani ya godoro, nikamtahadharisha kondakta kana kwamba nimempa mtoto mchanga.

Fedha ya nyaya ikapungua. Fundi akaniandikia orodha ya vifaa, mimi nikashika kalamu nikaanza kukata. Nyaya nene nikazigeuza nyembamba. Soketi za jikoni, zilizokuwa tatu, nikazifanya moja. Mwisho nikafika kwenye fimbo ya shaba ya kuchomeka ardhini pamoja na waya wake, kitu ambacho mafundi wetu hukiita eathi. Fundi akasema, "Mzee, hii haikatwi. Bila hii hata mita hufungiwi." Nikamwambia atafute ya kuazima. Akaazima fimbo kutoka kazi yake nyingine. Mita ikafungwa, taa zikawaka, mama akapiga vigelegele. Siku chache baadaye fundi akanipigia simu kuniomba ruhusa ya kuing'oa fimbo airudishe kwa mwenyewe. Nikamruhusu. Tulikubaliana kwamba nitanunua nyingine mwisho wa mwezi.

Mwisho wa mwezi ukaja, ukapita. Mwaka ukaja, ukapita.

Wakati huo huo mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Kibondo, naye alikuwa anamalizia nyumba yake. Nilipomtembelea nilimcheka. Nyumba yake ilikuwa na balbu moja moja, zimening'inia kwenye holda nyeupe za kawaida, bila hata kifuniko. Nikamwambia, "Mwalimu, nyumba yako inafanana na ghala la ushirika." Naye akacheka. Akanijibu, "Kaka, vifuniko vitakuja. Ukuta umeshafungwa, siwezi kuufungua tena." Jibu hilo lilinipita, sikulielewa.

Nimelielewa Krismasi moja. Mdogo wangu alitangulia kufika Kasulu, mimi nikiwa bado njiani. Asubuhi akamwona mama anakwenda kufungua friji. Mama alivaa malapa ya mpira, akazungushia mkono wake kanga kavu mara mbili, ndipo akashika mlango wa friji na kuuvuta. Mdogo wangu akamuuliza, "Mama, mbona unafungua hivyo?" Mama akamjibu, "Friji la kaka yako linauma."

"Linauma tangu lini?"

"Tangu wakati wa kuvuna maharage."

Wajukuu alikuwa amewakataza kulisogelea bila viatu. Alikuwa analiishi friji lile kama mtu anavyomwishi mbwa mkali wa jirani. Nami kila Jumapili nilimpigia simu: "Shikamoo mama, umeme unaendeleaje?" Naye alinijibu: "Marahaba mwanangu, unawaka vizuri." Mdogo wangu alipomuuliza kwa nini hakunieleza, alisema, "Amejenga kwa shida. Nitamwambiaje kwamba kitu alichoniletea kinaniuma?"

Mdogo wangu akaenda kwenye swichi kubwa, akazima nyumba nzima. Akazunguka nyuma ya nyumba. Kisha akanipigia simu mimi nikiwa ndani ya basi. Hakunisalimu. Alisema, "Kaka, fimbo ya eathi iko wapi?" Msikilizaji, mimi ambaye kazi yangu ni kusema, siku ile sikuwa na la kusema.

Nieleze kwa ufupi jambo hili, maana huenda na kwako liko. Kifaa chenye bodi ya chuma, kama friji, pasi au jiko, kinaweza siku moja kuvujisha umeme kidogo kwenye bodi yake. Huenda panya ametafuna waya, huenda ni unyevu, huenda ni uchakavu tu. Pini ile ya tatu, ile ndefu kwenye plagi, kazi yake ni kuuchukua umeme huo uliovuja na kuupeleka ardhini kwa njia ya waya mnene usio na kizuizi. Kama njia hiyo ipo na ni nzuri, umeme unakimbilia huko na breka inakata. Kama haipo, umeme unakaa pale kwenye bodi unasubiri njia. Na njia itakayopatikana ni mtu. Mama yangu aliokolewa na malapa ya Sh. elfu chache. Kama siku moja angeshika friji lile akiwa peku kwenye sakafu yenye maji, leo ningekuwa nawasimulia habari nyingine, au nisingekuwa na nguvu ya kuwasimulia.

Aidha kuna jambo la radi. Sisi wa nyanda za juu za Kigoma hatuhitaji kufundishwa radi ni nini. Mwaka 2016 wanasayansi waliotumia setilaiti ya NASA walitoa orodha ya mahali panapopigwa na radi nyingi zaidi duniani. Pa kwanza ni Ziwa Maracaibo huko Venezuela. Pa pili ni Kabare, Kivu ya Kusini, mashariki ya Kongo, yaani ng'ambo ya Burundi ukitokea kwetu. Tumekaa jirani na jiko lenyewe. Fimbo ya eathi peke yake haizuii radi kupiga nyumba, tusidanganyane. Lakini nyumba isiyo na eathi nzuri haina hata pa kuanzia, maana hata vile vifaa vya kupunguza mshtuko wa radi vinavyofungwa kwenye bodi ya breka vinautupa mshtuko huo kwenye waya wa ardhini. Kama waya huo haupo, kifaa hicho ni pambo. Na mvua ya radi ikianza, bado dawa nafuu kuliko zote ni kuchomoa runinga na friji kwenye soketi.

Sasa turudi kwa mwalimu wa Kibondo, maana yeye ndiye aliyefanya inavyopasa. Nilimwomba anionyeshe daftari lake, nami nimelinakili ili niwaletee.

Kwanza, alimwita fundi umeme kabla ya plasta. Walitembea chumba kwa chumba na chaki, wakaweka alama ukutani. Swichi iwe upande wa kitasa, si nyuma ya mlango. Soketi ya kitanda iwe pale kitanda kitakapokaa, si pale kabati litakapoiziba. Mabomba ya kupitishia nyaya yakalazwa ndani ya ukuta, kisha plasta ikafuata. Mimi nilipiga plasta kwanza, halafu nikalipa mtu wa kuupasua ukuta kwa patasi, halafu nikalipa tena saruji na mtu wa kuuziba. Kazi moja niliilipa mara tatu.

Pili, alihesabu pointi. Mafundi wengi wetu hulipwa kwa pointi, na usipozihesabu wewe utahesabiwa. Yake ni nyumba ya vyumba vitatu vya kulala. Taa: vyumbani tatu, sebuleni mbili, jikoni moja, bafuni moja, ukumbini moja, nje tatu. Jumla 11. Soketi: kila chumba mbili, ni sita, sebuleni tatu, jikoni tatu. Jumla 12. Zote pamoja pointi 23. Kwa hesabu hiyo mkononi alikwenda kwa mafundi watatu, kila mmoja akamtajia bei ya kazi ile ile. Huwezi kulinganisha bei kama kila fundi umemweleza nyumba tofauti.

Tatu, na hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu, aligawa vifaa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vinavyofichwa: nyaya, mabomba, bodi ya breka, na eathi. Hivi ukishavifunika hutavibadilisha bila kuvunja. Hapo hakupunguza hata senti. Fungu la pili ni vinavyoshikwa: swichi na soketi. Hapo alinunua vya wastani, vilivyo imara, vyenye alama ya Shirika la Viwango, TBS. Fungu la tatu ni vinavyotazamwa: taa za urembo na vifuniko vyake. Hapo alinunua holda za kawaida, akasema vya macho vitangoja. Mimi nilianzia fungu la tatu nikapanda kwenda la kwanza. Nilivaa koti kabla ya shati.

Nne, hakununua vyote kwa mkupuo. Mshahara wa mwalimu mnaujua. Alinunua nyaya za taa mwezi mmoja, za soketi mwezi mwingine, bodi na breka baada ya kuuza maharage. Haba na haba. Lakini orodha ilikuwa moja tangu mwanzo mpaka mwisho, na hakuikata.

Sasa nyaya. Kwa desturi ya mafundi wetu, taa hupewa waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na vifaa vizito kama jiko au hita ya maji hupewa waya wao peke yao, mnene zaidi, unaotoka moja kwa moja kwenye bodi na kuwa na breka yake. Waya mwembamba ukibebeshwa mzigo mzito unapata joto ndani ya ukuta, mahali ambapo huoni wala husikii harufu mpaka pameshaungua. Na uangalie shaba. Siku hizi zipo nyaya za alumini zilizopakwa shaba juu juu, nazo zinauzwa kama shaba tupu. Chuna ncha, kisha ikwangue kwa kisu. Ikitoka nyeupe, mrudishie mwenye duka. Na ukiona waya ni rahisi mno kuliko wa duka la jirani, ujue rahisi ni ghali.

Mwambie fundi akuwekee pia kile kifaa kinachokata umeme unapovuja, kinachoandikwa milliampia 30. Breka ya kawaida inalinda waya usiungue. Kifaa hiki kinamlinda mtu. Kama ningekuwa nacho, huenda friji la mama lingejizima lenyewe mara ya kwanza lilipomgusa.

Tuje kwenye matumizi, maana bajeti ya umeme haiishii siku ya kuwasha. Kwa bei iliyowekwa na EWURA mwaka 2016, mtumiaji mdogo wa nyumbani, kundi la D1, analipa Sh. 100 kwa uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi. Akivuka hapo, kila uniti ya ziada ni Sh. 350. Kodi na tozo ni juu ya hapo. Ukizoea kuvuka, unahamishiwa kundi la T1, ambako kila uniti, tangu ya kwanza, ni Sh. 292. Kwa hiyo namba ya kukariri ni 75.

Chukua kalamu. Taa yangu ya matawi manane ilikuja na balbu nane za kizamani za wati 40. Jumla wati 320. Ikiwaka saa tano kila usiku ni uniti 1.6, na kwa mwezi ni uniti 48. Taa moja imekula karibu theluthi mbili za uniti 75! Balbu moja ya LED ya wati 9 ya mwalimu, kwa saa zile zile, inakula uniti 1.35 kwa mwezi. Akiwasha nane za namna hiyo kila usiku mpaka wakati wa kulala, hazifiki uniti 11. Ongeza friji dogo, tuseme uniti 30. Runinga, uniti 9. Pasi, uniti 4. Simu na redio, uniti 1. Jumla inakuwa kama uniti 55, yaani Sh. 5,500 kabla ya kodi na tozo. Sasa iongeze humo taa yangu: uniti 103. Za kwanza 75 ni Sh. 7,500, za ziada 28 ni Sh. 9,800. Jumla Sh. 17,300. Ni zaidi ya mara tatu. Na ukihamishiwa T1, uniti hizo 103 zinapita Sh. 30,000.

Sisi wa nyanda za juu hatuna haja ya feni wala kiyoyozi, hapo Mungu ametupunguzia. Lakini Kibondo asubuhi ni baridi, na wengi wanatamani ile hita ndogo ya bafuni inayochemsha maji papo hapo. Nyingi zinakula wati 5,000. Watu wanne, kila mmoja dakika kumi, ni uniti 3.3 kwa siku, na kwa mwezi uniti 100. Sisemi usiweke. Nasema pitisha waya wake mnene mapema, kisha uamue baadaye mfuko ukiruhusu. Hali kadhalika jikoni. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo mwaka 2034. Maharage yetu ya Kigoma yanakula kuni nyingi, lakini jiko la presha la umeme linayaivisha kwa chini ya uniti moja. Leo huna jiko hilo, kesho utakuwa nalo. Soketi yake iwe inakusubiri.

Kama una paneli za jua ulizonunua kabla ya gridi, usiziuze. Ziache zihudumie taa chache. Umeme ukikatika, watoto wasirudi kwenye kibatari.

Katika bajeti yako usisahau gharama za kuunganishwa. Tangu Januari 2022 ada ya kijijini ni Sh. 27,000. Mjini, kwa njia moja na bila kuhitaji nguzo, ilirudishwa kuwa Sh. 320,960. Miji yetu imechanganyika na vijiji, kwa hiyo ulizia ofisini mtaa wako umewekwa fungu gani kabla ya kupanga fedha. Kodi ya jengo nayo hukatwa kwenye LUKU. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni Sh. 1,500 kwa mwezi. Na mwenye chumba kimoja au viwili asiyemudu kutandaza nyaya asikate tamaa. Kipo kifaa kiitwacho UMETA, yaani umeme tayari, kinachofungwa ukutani kikiwa na soketi na swichi zake.

La mwisho ni fundi. Kazi ya umeme ina leseni, na leseni hiyo hutolewa na EWURA. Mwombe akuonyeshe, wala usione haya. Fundi mzuri hataudhika. Na akikwambia kitu fulani hakikatwi, usishike kalamu. Fundi wangu alinieleza kweli. Mimi mwenye diploma nikajiona najua kuliko yeye mwenye mikono. Kuazima fimbo kulikuwa ni wazo langu, na ruhusa ya kuing'oa niliitoa mimi.

Siku ile ya Krismasi tulikaa gizani nyumbani kwa mama, na hakuna aliyelalamika. Maduka yalipofunguliwa mdogo wangu alinunua fimbo ya shaba, waya na kikaza chake. Tulimwita fundi mwenye leseni, akaichomeka yote ardhini nyuma ya bafu, mahali penye unyevu hata wakati wa kiangazi, akaipima kwa chombo chake mpaka akaridhika. Gharama yake haikufika robo ya bei ya taa yangu. Friji nalo likafunguliwa, na kumbe waya mmoja ulikuwa umechubuka unagusa bodi. Kazi ya dakika chache.

Umeme uliporudishwa nilimwambia mama afungue friji. Akaanza kuzungusha kanga mkononi. Nikamwambia, "Mama, acha kanga." Akanitazama kwanza usoni, kisha akanyoosha mkono mtupu, polepole, kama mtu anayepima uji. Akagusa. Akagusa tena. Halafu akafungua, akatoa maziwa, akaendelea na shughuli zake bila kusema neno. Mimi nikatoka nje kidogo.

Na ile taa ya matawi manane? Nilipomuuliza mama kama majirani huisifia, aliniambia kwamba haiwashi. Alikuwa anawasha taa ya ukumbini na kuacha mlango wazi ili mwanga uingie sebuleni. Alisema ile kubwa inakula uniti. Mwaka mzima Sh. 240,000 zilikuwa zinaning'inia gizani. Sasa tumeifunga balbu mbili za LED, matawi sita hayana kitu, na mama anasema inatosha kusomea Biblia.

Ndugu msikilizaji, kama nyumbani kwako kuna kitu kinachouma, usikizoee. Na kama una mzazi kijijini uliyempelekea umeme, usimuulize tu kama unawaka. Muulize kama kuna kitu anachokiogopa kukishika. Kisha zunguka nyuma ya nyumba, uitafute fimbo.